UZI: Jumba la tajiri wa pamba pale Capri Point, wakiua bustani wanaua na nyumba yenyewe

MjukuuWaMtunzaBustani

Habari za jioni wakuu, na wakubwa wote shikamooni.

Hii mada nimekaa nayo muda mrefu, leo nimepita pale mchana nikaona nikinyamaza nitakuwa sijatenda haki. Wana Mwanza wanaoijua njia ya kuzunguka Capri Point wanajua kuna majumba ya zamani yamejificha kwenye mawe, mengine hata bati lake hulioni mpaka usogee getini. Moja kati ya hayo ndio nimekulia. Halikuwa letu, babu yangu mzaa mama alikuwa mtunza bustani wa familia ya Kihindi iliyokuwa inanunua na kuchambua pamba, sisi tulikaa nyumba ya uani nyuma ya jiko, vyumba viwili na kibaraza. Jina la familia sitaliweka hapa, wajukuu zao wapo hai huko waliko na hawajanituma niwaandike.

Juu ya mlango mkubwa kuna mwaka umechongwa kwenye plasta, tarakimu ya mwisho imemeguka kwaiyo inasomeka 193 basi. Inaendana na historia ya mji maana reli kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928, kabla ya hapo mzigo wa huku ulikuwa unapakiwa melini kuvuka ziwa mpaka Kisumu ndio upande treni kwenda Mombasa. Treni ilipofika pamba ya Usukumani ikapata njia ya kwenda Dar, hela ikaingia, na wenye hela wakajenga.

Nyumba ni ya ghorofa moja, imekaa juu ya msingi wa mawe ya graniti yaliyochongwa pale pale uwanjani. Ukuta wa chini una unene wa dhiraa nzima, nilipokuwa mdogo nilikuwa naweka kiwiko ukingo wa ndani wa dirisha na vidole vinagusa shata ya nje. Udongo waliojengea ni chokaa na mchanga, saruji imetumika kidogo sana. Baraza inazunguka pande tatu, pana kiasi kwamba vitanda vya kamba vilikuwa vinapangwa viwili na bado mtu anapita na sinia la chai. Kenchi ni za mninga, mpaka leo hazijaliwa na mchwa. Sakafu ya chini redioksaidi nyekundu inayong'aa, ya juu mbao. Katikati kuna ua mdogo, na katikati ya ua kuna kisanduku cha saruji kilichoinuliwa kama kinara, pale ulikaa mtulsi, ndugu yake na huu mrehani wetu, bibi wa ile familia alikuwa anaumwagilia kila asubuhi kabla hajaongea na mtu yeyote.

Sasa bustani. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Kile kiwanja ni mteremko wa mawe matupu, mnayajua mawe yetu, mengine makubwa kuliko basi. Aliyejenga hakuyapasua. Alijenga matuta ya kuta fupi za mawe yasiyo na saruji kutoka jiwe hadi jiwe, akajaza udongo nyuma yake, ikawa ngazi saba kushuka mpaka ziwani. Ngazi ya juu karibu na jiko ilikuwa na mlonge, mti wa majani ya mchuzi, pilipili na ndimu. Zinazofuata maua, mawaridi na asumini, asumini ilipandwa chini ya madirisha ya vyumba vya kulala makusudi. Kisha mikomamanga, kisha miembe mitatu, na ngazi ya mwisho karibu na maji ilikuwa majani tu na benchi la mawe. Upande wa magharibi palikuwa na mkuyu umekumbatia jiwe kubwa, mizizi imeshuka juu ya jiwe kama vidole vya mkono, na pimbi wanaota jua pale asubuhi na wale mijusi wa mawe vichwa vyekundu mikia ya bluu.

Babu alikuwa na jambo lake kila mwezi wa tisa kabla ya vuli. Anachota maji kopo moja la rangi, anasimama juu kabisa pale maji ya bati yanapotua, anayamwaga taratibu halafu anayafuata kwa miguu. Mimi nyuma yake. Maji yanaingia kwenye mfereji mwembamba uliochongwa kwa tindo juu ya jiwe lenyewe, mpana kama viganja viwili, yanazunguka kona ya nyumba bila kugusa ukuta, yanaingia tangi lililo chini ya baraza. Tangi likijaa kuna tundu la kuzidia linatoa kwenye mikomamanga, kutoka pale yanapita katikati ya mawe ya kuta zile kavu, tuta moja baada ya jingine, mpaka ziwani. Yakisimama mahali popote babu anapiga goti anachimbua majani na mchanga kwa kijiti mpaka yatembee. Alikuwa anasema "maji yakikosa njia yatatafuta ya kwako".

Leo nimekuta mpangaji mmoja amepafanya sehemu ya sherehe. Mkuyu hakuna. Jiwe la mkuyu limewashiwa moto wa matairi likamwagiwa maji likapasuka, limekuwa kokoto. Ngazi mbili za juu zimejazwa kifusi na kulazwa pevingi ili magari yapaki, ule mfereji umezikwa chini. Ukuta wa nje umepigwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta. Na ndani, wakuu, nimeingia kwa ruhusa ya mlinzi, chumba alichokuwa analala yule bibi kina ukungu mpaka usawa wa kifua changu. Nyumba iliyokaa kavu miaka yote hiyo.

Mwenye ujuzi na majengo ya zamani naomba mawazo, na mwenye kumbukumbu ya hizi nyumba aandike.

Kokoto_Igogo

Mleta mada pole, ila tuseme ukweli. Mimi ni fundi, nimeshaitwa kukarabati nyumba za aina hiyo mara tatu, zinakula hela bila kuonekana. Mbao hazipatikani, mawe ni mazito, umeme wake wa zamani ni hatari, choo kipo uani. Mwenye nyumba akipiga hesabu anaona bora avunje asimamishe fremu za biashara. Na plasta ya saruji sioni tatizo, ndio inazuia maji.

SetiYaChokaa

Fundi Igogo naomba nikujibu kwa heshima, na mimi nipo kwenye ujenzi mwaka wa ishirini sasa. Hapo kwenye plasta ndipo wengi tunakosea, na mimi mwenyewe nilikosea kwa miaka.

Ukuta wa zamani hauna ile damp proof, yaani nailoni ya kuzuia unyevu tunayoweka siku hizi juu ya msingi. Maji ya ardhini yanapanda, graniti yenyewe hainyonyi lakini chokaa iliyo kati ya mawe inanyonya kama utambi wa koroboi. Zamani haikuwa shida kwasababu plasta ya chokaa inapumua, maji yakipanda hatua mbili tatu yanakauka kupitia usoni mwa ukuta, jua na upepo vinamaliza kazi. Ukishaziba kwa saruji na rangi ya mafuta juu yake, maji hayana pa kutokea, yanaendelea kupanda mpaka yapate upenyo, na upenyo ni upande wa ndani. Ndio maana mleta mada ameona ukungu usawa wa kifua. Nenda kaangalie utakuta na unga mweupe, ile ni chumvi iliyobebwa na maji, na rangi inafanya malengelenge, ukiyaminya yanatoa maji.

Na hapo umeongeza kosa la pili, pevingi. Ardhi ya uwanja ilikuwa inakunywa na mfereji unapeleka, sasa yote yamefungwa, mvua ya vuli ikija maji yote yanalala mguuni mwa ukuta.

Dawa: bandua saruji yote angalau mita moja na nusu kutoka chini, acha ukuta ukauke miezi, usiwe na haraka, kisha plasta ya chokaa moja kwa mchanga tatu. Chokaa hai iloweshwe mapema kwenye pipa wiki kadhaa, na mkiilowesha kaeni mbali na vaeni miwani maana inachemka na ikiruka jichoni ni upofu. Rangi iwe chokaa pia.

Kokoto_Igogo

Hilo la utambi sijawahi kulisikia likielezwa hivo. Kuna nyumba moja mtaa wa katikati ya mji niliipiga plasta mwaka juzi na mwenyewe ananipigia simu kila mvua. Nilimwambia bomba limepasuka. Nitaenda kuiangalia upya.

BintiNansio

Jamani uzi mzuri. Nimemsomea bibi yangu, alikuwa anaenda Mwanza na baba yake kuuza dagaa na machungwa, anazikumbuka hizo nyumba kwa kuziona toka majini. Anauliza hiyo ngazi ya mwisho yenye benchi, haikuzama mvua za uhuru? Anasema mwaka wa uhuru mvua haikukata, ziwa likapanda, likapanda tena mwaka uliofuata, magati yakazama na watu wa mwambao wakahama.

MjukuuWaMtunzaBustani

Bibi mpe shikamoo yangu nyingi sana. Ndiyo ilizama! Babu alikuwa anatusimulia, kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, benchi likawa linaonekana kama kivuli chini ya maji na sato wanapita juu yake. Miembe ya ngazi ya juu yake ilikufa mizizi. Lakini angalieni, nyumba haikuguswa hata kidogo, aliyejenga aliacha ngazi nzima kwa ajili ya ziwa. Na 2020 ziwa lilipovunja rekodi wote tuliona mwambao huu kuta za mahoteli zikilambwa, pale benchi likazama tena na nyumba ikabaki kavu upande wa ziwa. Ukungu huu wa saivi hautoki ziwani, unatoka juu, kwenye parking.

BintiNansio

Bibi anacheka kwa furaha hapa. Anasema na wewe ukija Ukerewe ukaone jumba la Omukama, yaani mtawala wa Wakerewe, pale Bukindo, ghorofa, la ukoo wa Lukumbuzya, alipokuwa binti walikuwa hawapiti mbele yake bila kuvua viatu. Na kule Bukoba kuna ikulu ya Kanazi ambayo Wajerumani walimjengea Kahigi, mtawala wa Kihaya. Matajiri wa ziwa hili hawakuwa wafanyabiashara peke yao.

Upepo_wa_Kamanga

Mimi nataka kuuliza kuhusu joto. Nyumba yangu ni ya tofali za bloku, bati la msauzi, madirisha ya alumini, na saa mbili usiku haikaliki bila feni. Hizo za zamani zilikuwaje?

MjukuuWaMtunzaBustani

Mkuu umegusa kitu ambacho nilikuja kukielewa ukubwani. Mwanza tupo karibu sana na ikweta, saa sita jua lipo utosini, linapiga bati na haliingii dirishani. Mwezi wa sita linainamia kaskazini kidogo, wa kumi na mbili kusini kidogo, baraza pana inamaliza hayo yote. Jua baya ni la asubuhi na la jioni, linakuja limelala. Kwaiyo ile nyumba imelazwa kwa urefu mashariki magharibi, kuta fupi ndio zinatazama jua na hazina madirisha makubwa.

Halafu upepo. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko ziwa, upepo unatoka ziwani kuja juu, usiku unageuka unatoka vilimani kushuka ziwani. Wavuvi wanaujua, ndio wanautumia kutoka na kurudi. Madirisha ya ile nyumba yapo pande zote mbili yanatazamana, na juu ya kila mlango kuna mbao zenye matundu, dari ipo juu sana, hewa ya moto inapanda inatokea kule. Mchana unakuja upepo umepita juu ya maji na juu ya miti, unaingia umeshapoa, usiku unakuja umebeba asumini.

Na ule mkuyu jamani ndio unaniuma. Haukuwa pambo. Jiwe kubwa likipigwa na jua la jioni linashika joto kama chungu, linakuja kuliachia usiku kucha. Jiwe lile lipo upande wa magharibi hatua kumi toka vyumba vya kulala. Walipoanza kujenga mkuyu ulikuwa mdogo, babu aliambiwa hivo na mtunza bustani aliyemtangulia, na yule mzee mwenye mali alikataza usikatwe hata tawi, akapanda na bogenvilia ifunike sehemu ambayo mkuyu haufiki. Jiwe lilikuwa linashinda kivulini kwaiyo usiku ni la baridi, sisi watoto tulikuwa tunalala juu yake mwezi wa kwanza. Sasa wamekata mti kwanza, joto likazidi, wakapasua jiwe wakidhani ndio tatizo, halafu wakaweka viyoyozi sita. Nimevihesabu.

Upepo_wa_Kamanga

Daah. Mwarobaini unakua haraka? Nina ukuta wa magharibi mtupu.

MjukuuWaMtunzaBustani

Unakua haraka na unavumilia ukame, panda mbali na msingi hatua saba nane. Au tengeneza fremu ya miti upandishe pashoni, kabla mwaka haujapita una kivuli na juisi.

Wakili_Mdogo

Nimesoma wote. Kwenye sheria, watu wanadhani jengo likiwa la zamani tu basi linalindwa. Sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inalilinda lenyewe moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863, na Mwanza kama boma la Wajerumani imeanza 1892, kwaiyo karibu majumba yote ya mji huu yako nje mpaka waziri aamue kulitangaza. Lakini kuna kipengele wengi hawakijui, milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki zinalindwa, na kuzitoa nje ya nchi lazima kibali. Huo mlango mkubwa una nakshi?

Pia mleta mada, ilikuwaje familia haikunyang'anywa 1971?

MjukuuWaMtunzaBustani

Una nakshi, wakili. Maua ya yungiyungi yanapanda pande zote mbili za fremu na katikati ya nguzo ya mlango kuna tausi wawili, mmoja kichwa kimelika kwasababu watoto wote waliopita pale walikuwa wanamshika. Nimekuandikia inbox.

1971 waliguswa. Serikali ilichukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na yale yaliyozidi miaka kumi mwenyewe hakulipwa fidia. Walikuwa na jengo la maduka mjini, ghorofa wapangaji, likaenda. Hili la ziwani lilibaki kwasababu walikuwa wanakaa wenyewe. Lakini moyo ulishavunjika, mmoja mmoja wakaanza kuondoka, Uingereza, Kanada. Yule bibi aliondoka wa mwisho. Babu alikuwa anasema siku ile alimwagilia mtulsi kama kawaida, akamkabidhi kopo.

SetiYaChokaa

Mleta mada hebu ongea na huyo mpangaji. Usimshutumu, mwonyeshe bili ya umeme na ukungu.

MjukuuWaMtunzaBustani

MREJESHO. Samahani nimekaa kimya wiki mbili.

Nilienda, nikaongea naye kwa upole kama SetiYaChokaa alivyoshauri. Kumbe ameshapaka rangi kile chumba mara tatu kwa mwaka na wateja wanalalamika harufu. Hakuwa anajua kuna mfereji. Hakuna aliyemwambia, alikuta vichaka akaona ni pori. Nilimwomba jumamosi moja tu na pevingi mistari miwili.

Tulikuwa mimi, mlinzi, na fundi wa Igogo, ndiyo, huyu huyu wa humu ndani, alikuja na vifaa vyake na hakutaka hela. Tumeinua pevingi kuanzia kona ya jiko. Sentimita arobaini chini tukakuta mchanga mweusi unanuka, halafu tindo ya fundi ikagonga jiwe. Nikaingiza mkono nikapapasa, nikakuta ule ukingo wa mfereji, bado laini vile vile, na pale kwenye kona kuna kidimbwi kidogo kilichochongwa cha kutuliza maji ambacho babu alikuwa ananiwekea vyura. Umejaa kokoto. Zinametameta, ni za jiwe la mkuyu.

Tumetoa ndoo hamsini na kitu. Tundu la tangi limezibwa kwa saruji, fundi amelifungua. Jumanne usiku imenyesha ile mvua kubwa mliyoisikia wote, saa kumi na moja alfajiri mlinzi kanipigia, ameshika simu karibu na baraza nisikie. Maji yalikuwa yanaingia tangini.

Mpangaji amekubali tubandue plasta ukuta wa mashariki kwanza. Parking hajakubali kuiondoa yote, amekubali ukanda wa mita mbili kuzunguka nyumba ubaki udongo. Nahitaji mapipa mawili ya kuloweka chokaa, na kama kuna mwenye mche wa mkuyu, hata tawi la kupandikiza, mimi nipo Mwanza nitafuata popote.

Kokoto_Igogo

Mapipa ninayo. Na ile nyumba ya mjini nimeanza kuibandua plasta jana, kwa gharama yangu.

BintiNansio

Bibi anasema mkuyu upo nyuma ya nyumba yetu Nansio, njoo na panga lako, tawi litakatwa alfajiri na lifungwe kwa gunia bichi lisikauke kwenye meli.